Dawa ya Baada ya Kufungua Kinywa

Kidato ni neno lenye maana mbili, nami nimezijua zote mbili. Cha shule nilifika cha pili tu. Mama alifariki mwaka mmoja baada ya baba, na wadogo zangu wawili wa kike wakabaki mikononi mwangu. Vidato vingine ni vile vinavyochongwa kwa panga kwenye shina la mnazi, mkwezi apate pa kukanyaga. Hivyo nimevipanda zaidi ya miaka kumi na mitano, kutoka Munje tunakokaa hadi Diani, ambako hoteli hutuita tuangue nazi kabla hazijawaangukia wageni waliojilaza kando ya bwawa.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini usingizi ulikuwa jambo kubwa kwangu. Fundi cherehani asiyelala hushona kombo, kesho akafumua. Mkwezi akikosea hana cha kufumua.

Mwaka jana niliugua ugonjwa usio na kidonda. Nilikuwa naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, na kuvaa shati kunanishinda. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye hutandika vitanda hotelini, ndiye aliyenivalisha akanipeleka zahanati. Daktari, mwanamke wa bara mwenye sauti ya upole, alisema ni sonona. Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi, hadi aliponieleza kwamba ni huzuni nzito inayommaliza mtu nguvu. Akanipa vidonge ndani ya bahasha ndogo na juu yake akaandika: kimoja kwa siku, baada ya kufungua kinywa.

Baada ya mwezi mmoja na siku kadhaa shati likawa shati tu. Nikarudi minazini.

Kisha Ramadhani ikaingia. Sikumuuliza mtu kuhusu dawa kwa sababu sikuona la kuuliza. Maandishi yalikuwa wazi, na katika mwezi ule kinywa hufunguliwa magharibi. Basi muadhini akiadhini, nilianza na tende, kisha maji, kisha uji wenye pilipili manga, kisha kidonge. Nilijiona mwangalifu sana.

Nadhani usingizi uliniondoka katika mwezi huohuo, lakini ningejuaje? Watu huswali tarawehe, hukaa barazani, huamka kula daku. Mchana sote macho yalikuwa mekundu. Idi ikaja, nikafunga na zile sita za Shawwal, halafu wenzangu wote wakarudi kulala. Mimi nikabaki macho. Kidonge nacho kikabaki palepale, baada ya magharibi, kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea.

Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa na huzuni. Nililala chali, akili imetulia, macho makavu, kama mtu aliye kwenye foleni na hajui foleni ya nini. Nikaanza kuudadisi usingizi wenyewe. Unaingilia wapi, machoni au miguuni? Wadogo zangu walilala upande wa pili wa pazia, nami niliwasikiliza pumzi zao zikibadilika, nikajaribu kuzivuta zangu vivyo hivyo. Hazikunipeleka popote. Nikaacha kahawa ya barazani. Siku tatu baadaye nikageuza kitanda. Siku tatu nyingine nikalala juu ya mkeka. Nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, nijue kipi kimefanya nini, na jibu lilikuwa hakuna.

Mwenzangu wa kazi, ambaye husubiri chini na kuokota ninachoangua, alikuwa na maelezo yake.

"Macho hayo ni ya mtu aliyeoa," akaniambia asubuhi moja.

"Nimemuoa nani?"

"Jini. Hao ndio hawataki mume alale. Mahari ulimpa nini?"

"Nazi."

"Basi ndiyo maana hajatosheka."

Hakujua habari za vidonge. Nyumbani tulikuwa tumeviweka siri, kwa kuwa mtu akisikia dawa za kichwa huanza kukusemesha polepole kama mtoto.

Mwishowe kikabaki kitu kimoja ambacho sikuwa nimekigusa: kidonge. Nikakiacha kimyakimya. Sikulala vizuri zaidi. Badala yake, kila nikigeuza shingo, kichwa kilipiga shoti kama waya uliochunika. Siku ya tatu, karibu na kilele cha mnazi wa hoteli moja, mguu wangu ulikikosa kidato. Nilining'inia kwa mikono, kifua kikisugua gome. Nilipofika ardhini mwenzangu hakufanya mzaha.

"Leo basi," alisema, akanivua panga kiunoni.

Jioni nikamweleza mdogo wangu, pamoja na habari ya kuacha dawa. Aliitazama michubuko kifuani.

"Kaka, itabidi uchague. Dawa au minazi."

"Nikichagua minazi?"

"Nije nikuvalishe shati kila asubuhi?"

"Nikichagua dawa?"

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado shuleni, na mshahara wa kutandika vitanda ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Mimi sikujua kazi nyingine.

Kesho yake nikaenda zahanati. Nilianza kwa kukiri kwamba nimeacha, nikamweleza habari za usingizi na za shoti kichwani, nikatarajia kugombezwa.

"Pole kwa hayo," daktari alisema. "Shoti hizo huletwa na kuacha ghafla, na usingizi nao huzidi kuvurugika. Usiache tena bila kuniona. Huwa unameza saa ngapi?"

"Kama ulivyoandika. Baada ya kufungua kinywa."

"Ndiyo. Saa ngapi?"

"Magharibi, daktari."

Akaiweka kalamu chini. "Wewe chakula cha kwanza unakula magharibi?"

"Ramadhani."

"Ramadhani iliisha lini, kaka?"

Nikahesabu. Ilikuwa karibu miezi miwili.

"Mimi nilimaanisha chai ya asubuhi," alisema.

"Sisi hiyo twaiita staftahi," nikajitetea, ingawa kifungua kinywa nakijua kama anavyokijua yeye. Aliinamisha uso akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Idi.

Akanieleza kwamba dawa za namna hii si za aina moja. Zipo zinazolaza, hizo hutolewa wakati wa kulala. Yangu huwachangamsha wengi wanaoimeza, ndiyo maana akataka niimeze asubuhi. Turudi asubuhi, alisema, tuone. Nisipande mnazi hadi nilale usiku kadhaa mfululizo. Na Ramadhani nyingine nimwendee kabla mwezi haujaandama, tupange pamoja.

Ikabidi nimwambie mwenzangu ukweli wote. Alisikiliza, akauliza kama vidonge ni vichungu, basi. Wiki mbili alipanda yeye, mimi nikaokota. Sikuwahi kumwona akipanda. Nilikuwa juu siku zote. Nilishangaa jinsi nyayo zake zinavyokipapasa kila kidato kabla ya kukikanyaga, kama mtu anayebisha hodi.

Usingizi ulirudi vipandevipande, saa moja, kisha mbili, na usiku mmoja nikaamka kumekucha, alama za mkeka shavuni. Mlango ulioingilia sikuuona. Nilingoja wiki nzima ya usiku kama huo ndipo nikapanda tena.

Zipo siku ambazo bado nalala vibaya. Asubuhi zake nafika chini ya mnazi na kusema, "Leo sikulala." Mwenzangu haulizi zaidi. Ananipa kapu, anafunga panga kiunoni, anapanda. Nami nasimama kando ya shina, natazama juu, namwelekeza kwenye nazi kavu zilizojificha nyuma ya makuti, ambazo yeye, akiwa kule kule juu, hazioni.