Mama Springi na Waya wa Kichwani

Fundi makochi yule watu walimwita Mama Springi, na jina hilo hakulikataa maana alilitolea jasho. Miaka thelathini na mbili alikaa kwenye banda lake la mabati, anayavua makochi nguo zao kuukuu na kuyavika mpya. Ukimletea kochi, alilikalia mara moja tu, akainuka na kukuambia springi ipi imekatika na ni mtoto gani anayerukaruka juu yake. Hakukosea. Na kama alikosea, hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku moja fremu ya kochi la watu watatu iliteleza kutoka juu ya rundo ikamgonga utosini. Yeye akataka kuendelea na kazi. Mdogo wake, ambaye ndiye mkata vitambaa pale bandani, akamkokota hospitali, wanagombana njia nzima. Kichwa kikapigwa picha. Ubao haukuwa umevunja kitu, lakini daktari aliitazama ile picha, akaisogeza karibu, kisha akavuta kiti.

"Mama, huo ubao umekufanyia hisani. Humu ndani mshipa wa damu umetoa kifuko, kama mpira wa baiskeli unapofanya nundu. Kikipasuka ni hatari kubwa. Afadhali tukiwahi mapema."

"Mnakiwahi vipi? Mnanipasua kichwa?"

"Hatupasui. Tunaingiza mrija mwembamba hapa kwenye paja, tunaupandisha ndani ya mshipa mpaka juu. Halafu tunapitisha waya laini sana. Ukifika kwenye kifuko unajikunja kama springi, unakijaza, damu haipati nafasi ya kuingia tena."

Mdogo wake akafumba macho. Alijua kazi imeanza.

"Springi," akasema Mama Springi. "Kijana, unaniambia mimi habari za springi? Hicho kifuko mdomo wake mwembamba au mpana?"

Daktari akashangaa. "Mpana kidogo."

"Basi itatoka. Springi ukiitia kwenye shimo lenye mdomo mpana bila kitu cha kuizuia, itatoka tu. Nimewachomoa watu wazima springi makalioni, nisikufiche."

Mdogo mtu akajifunika uso kwa mkoba. Daktari akacheka mpaka miwani ikamshuka, kisha akachukua kalamu akachora. Kabla ya waya, alisema, wanatandaza kibomba cha wavu ndani ya mshipa wenyewe, kinapita mbele ya mdomo wa kifuko. Kinaitwa stenti. Damu inapita katikati yake, waya unabaki nyuma ya wavu, hauna pa kutokea.

Mama Springi aliukagua ule mchoro kwa muda. "Kama gunia tunalotandika juu ya springi kabla ya sponji."

"Hasa!"

"Ungeanzia hapo." Akakubali.

Akapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi kwa siku saba kabla ya kazi yenyewe, vya kuifanya damu isigande upesi. Siku tatu akameza kama alivyoambiwa. Shida ikawa mwenye saluni. Alikuwa ameleta makochi mawili ya rangi ya maziwa, na simu asubuhi, simu mchana: "Fundi, yamefika wapi?" Sasa fundi makochi kujichoma sindano ni jambo la kila siku, unanyonya kidole, unaendelea. Safari hii alijichoma, akanyonya, damu ikagoma kukoma. Akafunga kitambaa, ikapenya. Tone likaangukia kochi. Alilisugua kwa maji baridi na mate mpaka likatoka, lakini roho ilikuwa imekwisha kuchafuka. Miaka yote hiyo vidole vyake vimemtii, leo vidonge vimtie aibu mbele ya mwenye saluni?

Akavifungia kwenye kopo la pini. Siku nne hakuvigusa. Makochi yakaisha, meupe pee, mwenye saluni akaondoka anacheka peke yake.

Asubuhi ya kulazwa muuguzi akauliza, kalamu mkononi: "Dawa umemeza zote?"

"Zote."

Daktari akaja, kofia ya kazi kichwani. Alipomshika mkono wa kulia kumsalimia, akaona vidole vilivyotobolewa. "Hivi havikukusumbua kwa damu? Wengine huacha dawa kwa sababu hiyo."

"Na mtu akiacha?" Aliuliza kama anayeuliza habari za jirani.

"Stenti ni chuma, Mama. Damu isiyotulizwa ikikutana nacho inaweza kuganda papo hapo, mshipa ukaziba. Mtu anaamka mkono huu haunyanyuki. Au haamki."

Kitanda kikaanza kusukumwa. Mama Springi akautazama mkono wake. Neno "nimekosea" halijapata kutoka kinywani mwake. Marehemu mumewe alilisubiri miaka ishirini akaenda kaburini hajalisikia. Magurudumu yakalia, mlango wa chumba cha kazi ukafunguliwa.

"Simamisheni hili gari," akasema. "Nimekosea. Sikumeza. Siku nne."

"Dada!" Mdogo wake akaangusha ndala alizokuwa amezishika.

"Nyamaza wewe, naongea na fundi mwenzangu."

Daktari akavua kofia, akashusha pumzi. "Nenda nyumbani. Tunaanza upya, siku saba. Na sindano hushiki."

Wiki ile aliyeumia ni mdogo mtu. Dada yake alikaa katikati ya banda, mikono mapajani, anaamrisha. "Vuta! Hapo umelegeza! Hiyo ni sindano, si kijiko!" Lakini kila asubuhi mdogo mtu alilipiza. Alisimama na maji na vidonge, anangoja, kisha: "Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Mimi mkubwa wako!"

"Inua ulimi, mkubwa wangu."

Wakarudi. Safari hii kitanda hakikusimama.

Alipozinduka, cha kwanza alichokiona ni mkono wake wa kulia juu ya shuka, umetulia kama wa mtu mwingine. Hakuusogeza. Aliogopa kuujaribu.

"Mama, unanisikia?" Muuguzi akautia mkono wake ndani ya ule. "Hebu bana vidole vyangu."

Kimoja kikajikunja, kikafuata cha pili, kisha vyote vikafunga.

"Vizuri sana. Vizuri, Mama. Basi... Mama, inatosha. Mama, unaniumiza!"

"Lete na mwingine," akasema Mama Springi, anautoa wa kushoto. "Huu bado hatujaujaribu."