Binti wa Khadija

Khadija Bakhit wa Malukhu, mjini Mbale, alikuwa na neno moja asilolitamka: mgeni. Ukifika kwake ulikuwa mwana, shangazi au shemeji; ukikosa cheo kabisa, basi ulikuwa jirani, hata kama umetoka Nakaloke kuuza vitunguu tu. Ukaidi huo ulikuwa na chanzo. Alizaliwa Jinja, Mnubi wa baba na mama, na utawala wa wanajeshi uliowapendelea Wanubi ulipoanguka, naye bado mtoto, watu walisimama mlangoni kwao wakipiga kelele: "Wasudani, rudini kwenu!" Babu wa babu yake ndiye aliyeletwa nchini kutoka Sudani akiwa askari. Khadija mwenyewe, Sudani hajaiona hata ndotoni.

Basi Rahmah alipobisha hodi akitafuta chumba, mwanafunzi wa ufamasia kutoka Omdurman, Sudani, ambaye vita viliwazuia wazazi wake kumtumia chochote, Khadija hakuuliza maswali. Alisikia Kiarabu cha msichana kikikutana na Kinubi chake, lugha iliyozaliwa na Kiarabu, akalia hapo hapo. Juma lile lile aliwaita wanawake wa mtaa, akamfunga Rahmah gurbaba, lile vazi la kutarizi ambalo mama wa Kinubi humvisha bintiye, akatangaza: "Huyu amerudi."

Kazi nayo ilijileta. Wanawake wa Namatala waliokuwa wakijiandaa kwenda kufanya kazi Uarabuni walitaka kujua lugha, na Rahmah akaanza kuwafundisha barazani kila Jumamosi kwa posho kidogo. Msichana alikuwa na akili zake. Siku ya kwanza tu aliuliza, "Mama, pasi yangu ya kukaa nchini ni ya mwanafunzi. Sheria inaniruhusu kufundisha?"

Khadija alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kwako mwenyewe unaomba ruhusa kwa nani?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Khadija alichongesha kibao, akakipaka rangi ya kijani, akakitundika getini: KIARABU. MWALIMU NI RAHMAH, BINTI WA KHADIJA. Angenyamaza tu, ningekuwa sina la kusimulia.

Muhula wa mwisho ulipokaribia, Rahmah alikwenda kuongezewa muda wa pasi. Afande Odongo wa uhamiaji, ambaye hupita Malukhu kila siku akienda kazini, alifungua faili, akamtazama msichana, akalifunga.

"Kibao nasema wewe mtoto ya Khadija. Faili nasema wazazi iko Omdurman. Moja ni uongo. Kama uongo ni ya faili, pasi hakuna, unarudi. Huyo mama akuje Alhamisi."

Kurudi wapi, na kule kunaungua? Mtihani wa mwisho ulibaki miezi mitatu. Khadija hakulala. Alimpigia simu kaka yake Sulait, aliyeko Jinja, na Sulait, mtu wa njia za mkato tangu utoto, akapata jibu upesi.

"Dada, sema umemzaa. Mimi nitasema nilikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji ataandika barua, mtoto atapata kitambulisho cha hapa, afundishe mpaka achoke. Nani atapima damu?"

Khadija aliona mambo yamekwisha. Sura walifanana, dini moja, na gurbaba alishamfunga. Alikwenda kumwambia Rahmah kwa furaha, akamkuta anafua. Msichana alikamua nguo mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Mama, nikisema nimezaliwa hapa, yule anayenipigia simu kutoka Omdurman nimwite nani?"

Khadija alikaa chini, aibu imemshika. Hakuwahi hata siku moja kumfikiria yule mwanamke mwingine.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Odongo aliwapa viti, akachukua karatasi.

"Mama, hii msichana ni mtoto yako?"

Khadija alitazama mikono yake. Odongo hakuwa mtu mbaya, alikuwa na kazi yake tu.

"Si mwanangu," alisema Khadija. "Ni mgeni. Kibao ni mimi niliandika. Faili yake ni kweli."

"Na kufundisha?"

"Ni mimi nilimwambia afundishe. Yeye aliuliza sheria, mimi nikacheka."

"Mwanafunzi hafanyi kazi bila kibali, mama. Nitaandika onyo, na kibao itoke leo. Akitaka kufundisha, aombe kibali kwanza, wakimpa, sawa." Aliendelea kuandika. "Na wewe kabila gani?"

"Mnubi."

"Ya Sudani?"

"Ya Jinja," alisema Khadija.

Odongo alimgeuzia karatasi aweke sahihi. Khadija alisoma polepole, mstari kwa mstari, mpaka palipoandikwa uhusiano wake na mwanafunzi. Hapo afande alikuwa amejaza neno moja: Hakuna. Alilisoma mara mbili. Kisha akaweka sahihi, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa inamwokoa mtoto, na muhuri ukagongwa juu ya pasi.

Walipofika nje alilia wazi wazi, watu wanapita, bila kujificha uso. Binti wa watu alimshika mkono, akasimama naye pale mpaka alipomaliza.