Maji ya Kuongezea

Tangi lenyewe la samaki wa baharini lilikuwa dogo, la kubebeka kwapani, lakini kazi yake ilikuwa kama ya kufuga ng'ombe. Binti yao ndiye aliyelileta, siku baba yake aliporuhusiwa kutoka hospitali akiwa amepooza upande wa kulia. "Baba apate cha kutazama," alisema, akaliweka juu ya meza sebuleni, akaondoka zake. Watoto ndivyo walivyo na zawadi zao: wao hutoa, mama hufuta vumbi.

Mama huyo alikuwa akifua na kupiga pasi katika hospitali hiyohiyo, na wenzake walimwita Mama Mashuka. Kutwa nzima alishinda kwenye mvuke, akilisha mashine mashuka yasiyokwisha. Akirudi nyumbani hoi, miguu imevimba, alikuta kazi nyingine zimempangia foleni: kumwogesha mumewe, kumkanda mkono, kumpikia chakula kisicho na chumvi kwa amri ya daktari. Halafu tangi, ambalo lilikula chumvi kuliko nyumba nzima. "Mimi nanyimwa, hao wanaogelea humo," mumewe alisema siku moja, neno mojamoja, na wote wawili wakacheka. Hawakuwa wamecheka tangu augue.

Muuza samaki wa mapambo aliwaonya wasiwe na pupa, kwa sababu tangi dogo halisamehe. Kwanza mchanga na mawe ya baharini, yakae mpaka maji yatulie. Baadaye konokono wa kula mwani kwenye kioo. Kisha kamba mdogo mwenye mistari myekundu. Samaki awe wa mwisho, na awe mmoja tu.

Mzee alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, mtu wa kumpigia honi yeyote aliyemchelewesha. Sasa akajifunza kungoja. Kila jioni aliuliza, "Bado?" na mkewe akamjibu, "Bado, baba." Alikataa mazoezi ya mkono, alikataa wageni, hata kunyolewa alikataa. Kitu pekee alichokitaka duniani ni huyo samaki. Mama Mashuka alianza kumwogopa samaki kabla hata hajafika, maana alijua wazi kwamba akifa, mumewe naye atakata tamaa moja kwa moja.

Samaki akaja, wa rangi ya chungwa, hazidi kidole gumba. Siku hiyo mzee akaomba anyolewe. Akaanza hata kuufinya mpira wa mazoezi aliopewa hospitali, huku akimtazama mgeni wake akiingia na kutoka kwenye tundu la jiwe.

Kazi ya kila jioni ilikuwa kuongeza maji. Tangi dogo hukauka upesi. Maji huenda zake, lakini chumvi haiendi popote, inabaki humohumo ndani. Kwa hiyo kilichopungua hurudishwa kwa maji matupu, yale ya kwenye dumu la jikoni. Maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye ndoo chini ya meza yalikuwa ya siku ya kubadilisha maji tu. Muuza samaki alimweleza yote hayo Mama Mashuka. Yeye hakumweleza mumewe, maana hakuona yanamhusu nini.

Halafu ikaja kama bahati. Siku kadhaa mfululizo alirudi kazini akakuta maji yamefika palepale kwenye alama iliyochorwa kwenye kioo. Hakuuliza. Alidhani labda joto limepungua, akashukuru kimoyomoyo kwamba angalau kuna kitu kimoja katika nyumba hii kisichomdai.

Mpaka jioni aliyoingia akamkuta kamba amelala chali, hatikisiki. Samaki alikuwa juujuu, mdomo wazi, anahema, rangi imempauka. Mama Mashuka alichovya kipimo cha chumvi, na mshale ukapanda mpaka mwisho. Akainama kutazama chini ya meza. Ndoo ilikuwa imebaki nusu, na ndani yake kilielea kikombe cha plastiki cha masikio mawili, kile anachonywea mzee uji.

"Baba, ni wewe umeweka haya maji?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kusifiwa.

Hapo ndipo alipopasuka. "Unawaua! Kila siku unawaongezea chumvi, unawaua! Nashinda nafua mashuka ya watu, nakuja nafua yako, nakuogesha, nakulisha, na bado na hili! Nimechoka, baba. Nimechoka na wewe, nimechoka na huyo samaki wako!"

Hakuwa amewahi kuyatamka. Mzee alihangaika na mdomo wake, maneno yakigoma kutoka.

"Najua," alisema mwishowe. "Ndiyo maana... nikaweka mimi."

Mama Mashuka akakaa sakafuni kando ya ndoo. Aliwaza jinsi mumewe alivyoinama kutoka kwenye kiti chake, kwa mkono wa kushoto peke yake, akanyanyua kikombe kimejaa mpaka juu ya meza. Kila siku. Akalia, na hakujificha.

Alipomaliza kulia alianza kazi. Alitoa kikombe kimoja cha maji makali, akatia kimoja cha maji matupu, akangoja, akarudia. Haraka nayo ingemuua samaki. Mzee alikaa akishikilia taulo, hakuondoa macho.

Kamba walimpoteza. Samaki alijificha kwenye tundu lake, na kesho yake jioni akatoka, akala.

Mama Mashuka akaenda jikoni, akajaza jagi kutoka kwenye dumu, akaliweka mbele ya mumewe pamoja na kile kikombe. "Ni haya, baba. Ya jikoni. Ya ndoo usiyaguse."

"Unaniachia?"

"Nakuachia."

Mzee akamimina. Nusu ya maji ikaingia kwenye tangi, nusu ikamwagikia mezani na kuanza kudondoka sakafuni, pale mkewe alipokuwa ametoka kupiga deki. Kitambaa kilikuwa begani mwake. Mama Mashuka akavuta kiti, akapandisha miguu juu ya stuli, akayaacha yadondoke.