Nyimbo Mbili, Do Moja

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi leo acha nijitembeze, kwa sababu nilifanya jambo ambalo ma-DJ wengi hawaliwezi, na aliyelikubali ni mtu mgumu kuliko wote: baba yangu.

Baba ni mwalimu wa kwaya kanisani, hapa mtaani kwetu Niboye. Alikulia Tanzania, na huko ndiko alikojifunzia nota. Mimi ni binti yake, na shughuli yangu ya u-DJ hakuwahi kuiita kazi. "Mchezo wako unaanza saa ngapi?" ndivyo alivyoniuliza siku zote. Iliniuma kila mara, nikajifanya sijasikia.

Niliombwa kupiga muziki Jumapili asubuhi, siku ile ambayo barabara hufungwa magari ili watu wakimbie na kufanya mazoezi. Nilichagua trance, muziki wa mashine wenye mdundo wa mbio usiopumzika. Mkimbiaji akishaushika mdundo huo, ukimkatia anajikwaa. Kwa hiyo wimbo mmoja lazima uingie ndani ya mwingine kwa kasi moja na do moja, yaani sauti ya msingi ile ile.

Nyimbo mbili zilinishinda. Kompyuta ilisema zina do moja. Wa kwanza ulikuwa na mapigo mia moja thelathini na nane kwa dakika, wa pili mia moja thelathini, nikauongeza kasi hadi ukalingana na mwenzake. Mdundo ukakaa sawa, lakini zilipokutana zilichacha kama maziwa. Nilihangaika siku tatu.

Siku ya tatu baba alipita na kikombe cha chai, akasimama. Akatoa mfukoni chuma chake cha kupimia sauti, chenye meno mawili, akakigonga gotini, akaimba do ya wimbo wa kwanza, kisha ya wa pili.

"Huyu wa pili yuko nusu sauti juu," alisema. "Umemkimbiza. Anayekimbizwa hupaza sauti."

"Lakini baba, kompyuta inasema..."

"Sikio halizidi kichwa, mama." Akaenda zake na chai yake.

Nilikasirika, maana alikuwa sahihi. Kompyuta iliupima wimbo ule kabla sijauongeza kasi. Ila dawa niliipata mwenyewe. Niliuacha, nikatafuta mwingine wa mapigo mia moja thelathini, ulio nusu sauti chini. Nikauharakisha, nao ukapanda wenyewe hadi kwenye do ya mwenzake. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Jumapili, wimbo ule uliingia watu wakipanda mlima, na hakuna mguu uliokosea. Kiongozi wa mazoezi akanishika mkono. "Dada, iyi muziki iko sawa kabisa! Sijasikia mahali imebadirika!" Nilivimba kichwa, sitadanganya.

Nikakimbilia ibada ya pili na raba zangu za vumbi, nikakaa nyuma. Kwaya ya baba ikamaliza wimbo, lakini ngoma haikunyamaza. Wimbo wa pili ukaingia hapo hapo, do ile ile, mwendo ule ule. Waumini waliokuwa wakikaa walibaki wameinama, hawajui wakae au wasimame. Halikuwahi kutokea jambo kama hilo pale.

Nje, mzee wa kanisa alimfuata baba. "Mwarimu, ile kuunganisha nyimbo umeitoa wapi?"

Baba akaninyooshea kidole mbele ya watu wote, nikiwa na jasho langu na raba zangu.

"Muulize binti yangu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."