Ripoti Yangu Juu ya Mpiga Filimbi

Mimi ni mtu wa kushuku. Nimezaliwa hivyo, na kazi ya bureau ikanizidishia. Serikali ilinitoa Maniema ikanituma Butembo kuwa karani katika ofisi ya commune. Kisha rebelion, vita ya waasi, ikaingia, serikali ikabaki huko mbali, nami nikabaki na mihuri yangu nikiwaandikia wakubwa wapya. Watu wa Butembo walinisalimia vizuri, lakini nikipita walinyamaza kidogo. Mtu wa kuja, tena wa bureau, nani angemwamini? Kwa hiyo Mjapani alipofika, nasema ukweli, nilifurahi. Sasa kulikuwa na mtu wa kushukiwa kuliko mimi.

Alikuja kwa njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, ndani ya pikapu ya mapadri wa paroisse, mzee mwembamba mwenye sanduku refu. Alialikwa na padri mmoja aliyewahi kumsikia akipiga huko Ulaya. Tuliambiwa ni bingwa wa filimbi ya mwanzi, atafundisha wiki mbili bila malipo, na atapiga konseri mbili, kwanza Beni, mwishoni kwetu. Bila malipo. Mtu avuke vita na vizuizi vyote vile vya wanajeshi ili aje kupuliza mwanzi bure? Chef wangu, mkubwa wa ofisi, naye hakuimeza habari hiyo.

"Enda kule kwa bapadri, ujifanye mwanafunzi," aliniambia. "Angalia iko natafuta nini, kisha uniandikie rapport."

Basi nikawa mwanafunzi. Tulikuwa kama ishirini katika salle, ule ukumbi wa paroisse, wengi wao wa korali, pamoja na mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga. Alikuwa mjane, na alichokuwa nacho duniani ni shamba la maharage na vitunguu lililoteremka nyuma ya nyumba mpaka mtoni. Chini kabisa, kwenye ukingo, ilisimama mianzi aliyoipanda marehemu mumewe ili udongo usiporomoke. Mume huyo alikuwa mpiga filimbi katika ngoma za kwao, ndiyo maana mama alikuja.

Mjapani alitugawia vipande vya tuyau ya plastiki, ile ya maji, alivyovitoboa mwenyewe. Akatuonyesha jinsi ya kuweka mdomo, akapuliza, ikatoka sauti moja ndefu na nzito. Kisha akakaa kutusikiliza sisi tukitoa upepo mtupu, saa mbili nzima. Sista aliyekuwa akitafsiri Kifaransa chake cha kuungaunga alituambia kwamba kwao mwanafunzi anaweza kukaa majuma bila kupata sauti, na si aibu. Mimi nikaandika katika daftari kwamba anatupotezea muda kwa makusudi.

Siku ya pili mama alipata sauti. Mzee akainama mbele yake mpaka kiunoni, na mama, asijue la kufanya, akapiga goti. Watu wakacheka sana. Siku ya nne ni mimi peke yangu niliyekuwa bado natoa upepo. Mzee akaja, akanishika mabega, akayashusha taratibu. Nilimchukia pale pale, kwa sababu nilidhani amegundua kilichonileta.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, alisema kwamba filimbi ya kweli hutengenezwa kwa ile sehemu ya chini ya mwanzi, pale unapoingia ardhini na mizizi yake. Haikatwi, inachimbwa. Mama akainua mkono.

"Kwangu kuko bambou mingi," akasema. "Akuye achimbe."

Kuchimba. Yeyote aliyeishi kwetu miaka ile anajua neno hilo lilivyokuwa zito. Mgeni akichimba anatafuta dhahabu au koltani, habari ya kitu kingine hamna. Asubuhi iliyofuata nilisimama dirishani nikamwona amepiga magoti kwenye ukingo, na jembe dogo na msumeno. Aliugonga mwanzi mmoja kwa vidole, akausikiliza, akauacha, akaenda kwa mwingine. Kufika saa nne alikuwa amechimba mitatu. Mizizi yake aliifunga katika gazeti pamoja na udongo, akainyunyizia maji. Mama aliketi karibu naye akichambua maharage. Hawakuwa na lugha hata moja ya kusemezana, lakini niliwasikia wakicheka.

Nikamngoja mama jikoni.

"Mama, yule mutu iko nachukua udongo wako," nikamwambia. "Hapana kumuamini."

"Karani, kwako kila mutu ni mwizi," akasema. "Kaa, kula ndizi."

Nikala ndizi zake, nikaingia chumbani, nikaandika ukurasa mzima. Nilitaja shamba, ukingo, mto, na udongo uliofungwa katika gazeti. Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Nikagonga muhuri, nikampelekea chef siku ya Ijumaa.

Jumamosi tulikwenda Beni, mimi nimekaa nyuma ya pikapu pamoja na korali. Konseri ilikuwa saa tisa mchana, katika salle moja ya mtaa wa Beu, na wanajeshi walijaza mstari wa mbele, bunduki katikati ya magoti. Mmoja alimwambia mzee kwa Lingala apige kitu cha kuchezesha watu. Mzee akapiga polepole vile vile. Mahali pengine ilisikika pumzi tu, ule upepo mtupu nilioonea haya juma zima. Yule mwanajeshi akavua kofia. Mimi nikalia, wala sijui kueleza zaidi. Nilijua tu kwamba mtu huyu hakuwa akitafuta chochote kwetu, na kwamba ripoti yangu ilikuwa mezani kwa chef. Nikaazimia Jumatatu niwe wa kwanza mlangoni pake, nimwambie nimekosea.

Lakini chef alikuwa ameipeleka kambini siku ile ile ya Ijumaa. Tuliporudi Jumapili, watu walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba yetu wakitazama chini. Wanajeshi kama kumi walikuwa wakichimba. Hapakuwa na mwanzi hata mmoja uliosimama, na mashimo yalikuwa yamepanda mpaka katikati ya maharage. Walichimba siku tatu tena, wasipate kitu. Mjapani walimrudisha Kasindi Jumatatu, na konseri ya Butembo haikufanyika.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, ukingo haukuwa na cha kuushika. Alasiri moja nusu ya shamba iliteremka mtoni, na vitunguu vyake vyote. Mama na mimi tulisimama mlangoni tukitazama. Hakulia. Alinishika mkono.

"Karani, ulinionya," akasema. "Ulisema yule Mujapone ni mutu mubaya, mi nikakucheka. Donc, wasingya."

Wasingya ndilo neno la kushukuru kwa Kinande, lugha ya kwao. Nilifungua kinywa nimwambie ni nani aliyewaita wanajeshi wale.

"Hapana shida, mama," nikasema, naye akaingia ndani kunipakulia chakula.