Sekunde ya Arobaini

Jirani yangu Urpo, dereva mstaafu wa trekta za kubeba magogo msituni, alipobadilishwa nyonga alipewa mazoezi ya kufanya nyumbani kwa kufuata video kwenye tableti. Kila asubuhi aliifungua video, akaitazama kidogo, akaifunga, akanywa kahawa yake.

Henna, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyerekodi video hiyo akiwa mjini Kajaani, aliyaona hayo kwenye takwimu za watazamaji. Wagonjwa kumi na tisa kati ya ishirini na watatu waliifunga video ile ile kwenye sekunde ya arobaini. Wenzake wakasema wazee ni wavivu tu. Yeye akampigia Urpo simu.

"Mzee Urpo, mbona ikifika sekunde ya arobaini unanikimbia?"

"Sikukimbii wewe, binti. Naikimbia sakafu. Hapo ndipo unaponiambia nilale chini."

"Ubaya wake nini?"

"Kulala naweza. Nani ataniinua? Siku ya kwanza nilikaa chini saa mbili nzima, mbwa wangu akidhani nimekuja kucheza naye."

Henna alicheka. Akawapigia na wengine, na karibu wote walikuwa wakiishi peke yao kama Urpo. Wiki mbili baadaye ikaja video mpya, mazoezi yote yakifanyika kitandani au kwenye benchi la sauna, chumba cha kuogea mvuke.

Mwezi wa Machi nilimkuta Urpo amesimama wima juu ya barafu ya ziwa lililoganda, anavua samaki kupitia tundu bila fimbo ya kutembelea. Anamwambia kila mtu kwamba video ile aliitunga yeye, na Henna hajawahi kumkanusha.