Zamu ya Kufagia ya Beki Stotz

Ewald Stotz aliichezea timu ya Remmlingen miaka kumi na sita, mechi mia nne na kumi na mbili, na katika mechi zote hizo hakufunga hata bao moja. Tukitaka kusema kweli yote, alifunga matatu, ila yote aliwafungia wageni. Moja aliliingiza kwa kisogo, na wazee wa mji bado wanasema lilikuwa bao zuri kuliko yote ya msimu ule.

Alikuwa mfupi kwa beki wa kati, mapaja manene, masikio yamesimama, na washambuliaji wa ligi daraja la pili walimwita Kupe. Mmoja wao, jitu la kutoka kaskazini, alimlalamikia mwamuzi kwamba huyu mtu anamfuata hata akienda pembeni kunywa maji. Mwamuzi akamuuliza Ewald kama ni kweli. Ewald akasema na yeye alikuwa na kiu.

Alisaini mkataba wa kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yake, mzee Gottlob, aliyekereza chuma katika kiwanda cha pampu, aliusoma ule mkataba mara mbili akiwa amevaa miwani, akaukunja, akasema, "Sawa. Kwanza umalize ufundi." Kwa hiyo mchezaji wetu wa kulipwa aliamka saa kumi na moja alfajiri miaka miwili mizima, akapiga tupa hadi adhuhuri, ndipo akaenda mazoezini akinuka mafuta ya mashine. Wenzake walimpisha bafuni.

Mwaka 1979 klabu kubwa ya kaskazini ilimwita. Akapanda treni Jumatano asubuhi, akarudi Jumatano jioni. Mkewe, Irmtraud, alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba watu wa kule ni wema, ila wanasema sana. Sababu ya kweli aliijua Irmtraud na hakuitaja: kule kaskazini, mzee Gottlob asingekuwepo kwenye ngazi ya tatu ya jukwaa la mashabiki, nyuma ya bendera ya kona.

Mzee alisimama hapo kila mechi ya nyumbani, mvua au theluji, kofia kichwani, mikono nyuma. Kipenga cha mwisho kikilia, alisogea kwenye uzio kumngoja mwanawe, akamwambia jambo moja tu. "Dakika ya thelathini na tatu ulisimama vibaya." Au, "Ule mpira wa pili ulikuwa wako." Siku ambayo hakuona kosa lolote alisema, "Haya, twende tukale." Ewald alizipata siku hizo tisa kwa miaka kumi na sita, na Irmtraud alizikumbuka zote, kwa sababu mumewe aliosha vyombo bila kuambiwa.

Ila neno zuri lenyewe, neno la kusikika kwa masikio, hakuwahi kulipata. Kwetu baba hamsifii mtoto mbele yake, na Gottlob hakumsifia hata nyuma yake. Kilichomkera Ewald zaidi ni kwamba kiwandani, kila Jumatatu, wakereza chuma wenzake walimuuliza mzee, "Gottlob, mwanao kafunga?" Mzee akajibu, "Hajafunga." Wakasema, "Basi wiki ijayo." Mzee alipostaafu wakahamishia swali lile meza ya baa, Jumapili baada ya kanisa. Ewald aliamini kabisa kwamba akipata bao moja tu, midomo ile itafungwa, na wa baba yake utafunguka.

Kwa hiyo klabu ilipomwandalia mechi ya kuaga, Jumamosi ya mwisho ya Mei 1987, na mwenyekiti Knapp, muuza mapazia, alipomnong'oneza kwamba kipindi cha pili patakuwa na penalti na kipa wa wageni ataruka kushoto kwake mwenyewe, Ewald hakukataa. Aliona haya kidogo, lakini hakukataa.

Asubuhi ya siku hiyo alipofungua mlango kuchukua mikate, alikuta kibao cha zamu ya kufagia, kile kinachohama mlango hadi mlango kila wiki, kimening'inizwa kwenye kitasa. Chini ya ngazi alisimama bibi Pfleiderer wa ghorofa ya chini, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira na hakuwa na haja.

"Wiki hii ni yenu, bwana Stotz."

"Najua, bibi Pfleiderer. Ila leo nina mechi ya kuaga."

"Nimesoma gazetini. Hongera. Ngazi kabla ya saa moja jioni, na njia mpaka barabarani."

"Nikirudi nitafagia."

"Na kupiga deki. Mara ya mwisho kona ya ghorofa ya pili mliiruka."

Mchana mzee Gottlob alikuja kula. Alikitazama kile kibao kitasani, akafuta viatu mara tatu, akaketi. Irmtraud alipakua dengu, soseji, na tambi za kukwangua ubaoni. Mzee alikula nusu sahani, ndipo akaweka uma.

"Nasikia leo unapewa goli."

"Nani kakwambia, baba?"

"Muuza mikate. Anajua mpaka upande atakaoruka kipa."

"Ni sherehe tu. Watu wafurahi kidogo."

"Miaka kumi na sita sikwenda pale kutazama sherehe."

"Basi leo tazama, mara moja tu."

"Wakikupa hilo goli, mimi naondoka zangu," mzee akasema. "Sitapiga kelele. Naondoka tu."

"Baba, kula, dengu zinapoa," Irmtraud akasema, na kwa kuwa alizipika vizuri, mzee akala.

Ewald hakula tena. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, goti moja limeshapasuliwa mara mbili, na alijisikia vile vile kama siku alipoleta cheti cha shule chenye alama mbaya ya kuimba.

Uwanja ulijaa watu elfu sita, wengi kuliko siku ya mechi ya ligi, kwani bia ilikuwa nusu bei. Wageni, timu ya daraja la kwanza, walicheza kwa adabu, wakaachia mabao, wakafunga mengine. Dakika ya sabini mambo yalikuwa manne kwa manne. Mshambuliaji wa Remmlingen akajiangusha ndani ya boksi bila kuguswa na mtu, na mwamuzi, aliyekuwa akisubiri hilo tangu mapumziko, akaonyesha doa la penalti kabla mtu hajatua vizuri chini. Watu wakaanza kuimba jina la Ewald.

Akauweka mpira. Akatazama nyuma ya bendera ya kona, ngazi ya tatu. Kofia ilikuwepo. Kipa wa wageni, kijana mwema, alimkonyeza na kusogeza kidevu upande wa kushoto, ili kusiwe na makosa.

Hapo ndipo ukaidi wa ukoo wa Stotz ulipompanda. Alijiambia: bao nitafunga, lakini silichukui kama sadaka. Nitapiga huko huko anakoruka, kwa nguvu zangu zote, na likiingia, litakuwa limeingia kwa haki. Akarudi nyuma hatua sita, akakimbia, akapiga.

Kipa alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Aliruka kushoto. Alipouona mpira unamjia alijaribu kwa kila njia kuukwepa, akakunja mikono, akageuza mbavu, lakini ulimgonga gotini na kurudi mbali uwanjani. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wachezaji wa pande zote mbili walisimama wakiwa wameshika viuno. Mwenyekiti Knapp alijifunika uso kwa ratiba ya mechi.

Mpira ulimwangukia winga wa wageni, na winga akipewa mpira na uwanja mtupu mbele yake haulizi ni siku gani. Akakimbia. Hakuna aliyemfuata. Kipa wa Remmlingen alikuwa amekwenda pembeni kupiga soga na mpiga picha.

Ewald pekee ndiye aliyegeuka. Alikimbia kama mita sitini na lile goti lake bovu, mashabiki wakicheka, kisha wakicheka kidogo, kisha kimya, kwa sababu waliona kwamba beki huyu hatanii. Ndani ya boksi, winga alipoinua mguu kupiga, Ewald alijitupa kwa ubavu akauchota mpira kwenye ncha ya kiatu cha huyo winga, safi, bila kumgusa hata soksi. Mpira ukatoka nje. Winga akabaki amepiga hewa.

Elfu sita wakasimama. Ewald, akiwa bado amelala kwenye majani, mdomo umejaa udongo, aliinua kichwa kutazama ngazi ya tatu. Ile kofia ilikuwa getini, inatoka.

Basi nimeshindwa yote mawili, aliwaza. Goli sijapata, na yeye ameondoka. Roho ilimuuma kuliko goti.

Dakika ya themanini na nane akatolewa, kama desturi. Walimpa saa ya ukutani, kapu la mvinyo, na kipande cha nyasi za uwanja ndani ya fremu, ambacho Irmtraud alikitazama akifikiria vumbi. Katika ukumbi wa klabu, Knapp alihutubia dakika ishirini na tano. Wazee wa kiwanda cha pampu walikuja kumshika Ewald mkono, na mmoja akasema, "Basi wiki ijayo." Ewald akacheka kwa meno tu. Saa kumi na mbili na nusu akainuka, akamwambia mkewe abaki na wageni, akachukua koti.

"Unakwenda wapi?" Knapp akamuuliza. "Bado kuna keki."

"Nina zamu ya ngazi."

"Ah," Knapp akasema, akampisha. Kwetu mtu angeweza kuacha harusi yake mwenyewe kwa sababu hiyo, na bibi harusi angempa ndoo.

Alipofika nyumbani, njia ya mpaka barabarani ilikuwa imefagiwa. Akafungua mlango wa nje, akasikia harufu ya sabuni. Ngazi zilikuwa bado na unyevu. Bibi Pfleiderer alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni mbele ya mlango wake, anamenya viazi, ili asipitwe na mtu.

"Nani amefagia, bibi Pfleiderer?"

"Baba yako. Alikuja saa kumi na moja kasoro, na suruali yake ya kanisani. Nilimwazima aproni."

"Amesema nini?"

"Yule? Si msemaji. Nilimuuliza kama mechi imeshakwisha. Akasema bado, ila ameshaona alichokwenda kuona."

Ewald alishika reli ya ngazi. "Basi?"

"Nikamwambia zamu si yake, ni ya mwanawe, na mimi sipendi zamu zichanganywe. Akasema leo atafagia yeye." Bibi Pfleiderer alitoa jicho kwenye kiazi kwa ncha ya kisu. "Akasema mwanawe amefagia nyuma ya wenzake miaka kumi na sita, na amefagia vizuri."

"Amesema vizuri?"

"Nimekwambia."

"Alisema hivyo hivyo? Vizuri?"

"Bwana Stotz, mimi masikio yangu hayana tatizo. Vizuri. Mara moja, na ndoo mkononi."

Ewald alitaka kucheka na alitaka kulia, na mbele ya bibi Pfleiderer hakuna lililowezekana.

"Ila kona ya ghorofa ya pili," bibi akasema, "hata yeye aliiruka. Naona ni tabia ya ukoo."

Ewald akachukua fagio nyuma ya mlango akapanda. Kona ya ghorofa ya pili ilikuwa safi, haina hata unyoya; mzee hakuwa ameiruka. Akaifagia hata hivyo, taratibu, mgongo wake ukielekea chini ili uso wake usionekane, mpaka aliposikia bibi Pfleiderer amekusanya viazi vyake na kufunga mlango.